Marehemu wa Elfu Mbili Mbili

Mama zangu, shikamooni. Na nyie wababa wawili mliokaa karibu na mlango kama watu mnaosubiri kudaiwa, shikamooni pia.

Mwenyekiti ameniagiza mambo matatu: nisimtaje mtu kwa jina, nisipitilize muda, na nisichekeshe. Nimemjibu sawa mama. Mawili nitayaweza. Hilo la tatu anajua mwenyewe kwamba amenionea.

Nimesimama kwa sababu kikundi hiki kina utaratibu wake. Aliyebebwa na wenzake, siku ya kugawana akiba anasimama anasema alivyoanguka na nani walimwinua. Aliyebebwa ni mama yangu, yule pale mwenye kitenge cha njano anayejifanya anahesabu kenchi za paa. Lakini aliyemwangusha ni mimi. Kwa hiyo tumekubaliana niongee mimi, yeye aendelee na kenchi zake.

Kwetu ni kilimani, ukipita Nkende unaacha barabara unapanda kwa mguu. Tuko mama, mimi, na wadogo zangu wawili. Baba alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Serengeti, mbele ya Mugumu, kipindi kile kila mwanaume mwenye mikono miwili alikuwa ameondoka. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likawaangukia watu watatu. Wawili wa juu walitolewa. Yeye alikuwa chini kabisa. Wenzake walichimba siku nne, siku ya tano maji yakajaa, wakaacha, shimo likafukiwa. Mama alikwenda kumfuata, akarudi na begi la baba tu. Mnajua kwetu mwanaume akifa analazwa kwenye mji wake, nyumbani kwake. Wa kwetu hakulazwa popote. Nimelisema mapema ili tulimalize, maana silipendi, na kwa sababu mbele mtalihitaji.

Tulibaki na shamba, ng'ombe mmoja wa maziwa, na chemchemi chini ya shamba yenye miti mikubwa ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Juu kabisa tulikuwa na kipande cha mawe ambacho hata muhogo unakikataa. Kipande hicho ndicho kilichotumaliza.

Siku moja tukaitwa mkutano. Alikuja mama mmoja mtaalamu, kavaa kofia pana ya jua, na vijana wawili wa kubeba ramani. Kampuni yao, ambayo siitaji, ilitaka kujenga kituo cha data kule juu. Najua wengine mpaka leo hamjui ni nini, mlikuwa mnatikisa kichwa tu. Ni hivi. Ile picha unayomtumia dada yako Mwanza, ile video ya mtu kaanguka na keki kwenye harusi, hesabu za benki, kumbukumbu za hospitali, vyote havikai hewani. Vinakaa kwenye mitambo, mitambo imepangwa kwenye jumba kama magunia kwenye ghala. Mitambo inapata joto kama sufuria, lazima ipozwe, na inakula umeme usiku na mchana.

Yule mama wa kofia alieleza vizuri, sitamdhulumu. Umeme wao ulikuwa wa jua. Walikipenda kilima chetu kwa upepo wake, kwamba mitambo itapozwa na hewa ya baridi, na maji kidogo yatazunguka humo humo kwenye mabomba bila kuigusa chemchemi. Joto likitoka litapelekwa kwenye chumba cha kukaushia mahindi na muhogo wetu. Na pesa ya kujengea walikuwa wanakopa kwa watu wenye masharti. Hapo mngemwelewa haraka, maana ni kama hapa kikundini: mkopo wa kilimo riba yake ndogo, lakini ukikamatwa umenunulia vitenge unatoa faini na mkopo unarudi. Wakopeshaji wao walikuwa hivyo hivyo. Riba ndogo, lakini usihamishe mtu, usifukue kaburi, usikate mti wa chemchemi. Ukivunja moja, pesa haitoki.

Akasema, na haya ni maneno yake, "Tumepachagua pale juu kwa sababu hapana nyumba, hapana kaburi, na hapana mti wa kukata. Wenye vipande vya pale tutawapangisha kila mwaka, mkataba miaka thelathini. Ardhi inabaki yenu."

Mama yangu alikuwa na kipande pale. Kodi kila mwaka, kwa mawe! Mngedhani tulishangilia.

Tulicheka.

Mzee mmoja jirani yetu alinyanyuka, kashika fimbo. "Mama, hilo jumba litalala watu wangapi?"

"Hakuna atakayelala, mzee. Ni mitambo."

"Mitambo inachimba nini?"

"Haichimbi. Inatunza taarifa."

"Jumba kubwa kuliko kanisa, la kutunza picha?" Akawageukia wanaume wenzake. "Mura, chini ya yale mawe kuna dhahabu. Huyu mama anatuona watoto."

Mkutano mzima ukapiga makofi. Na mimi, msomi wa Kidato cha Tatu, niliyeelewa kila sentensi kuhusu upepo na mabomba, nilipiga makofi kuliko wote. Niliona aibu kuwa mjinga peke yangu anayeamini.

Sasa hapa nisikilizeni, mama zangu, maana hapa ndipo tulipozaliwa na kulelewa. Sisi watu wa kwenye dhahabu tuna elimu yetu ambayo shuleni haifundishwi. Inaitwa kutegesha. Ukisikia eneo litachukuliwa, unakimbia unajenga nyumba ya haraka haraka, bati juu, matofali ya kulazwa bila saruji ya maana, hakuna anayeishi humo hata panya. Unasubiri mthamini aje ahesabu vyumba ulipwe fidia. Miti nayo inahesabiwa. Na kaburi pia, tulikuwa tunasikia, lina bei yake, maana kuhamisha mifupa si mchezo. Kila mtu alikuwa na hadithi ya binamu wa rafiki aliyetegesha akanunua pikipiki tatu.

Basi pale juu, pasipokuwa na nyumba wala kaburi, ndani ya wiki chache kukawa na mtaa. Mnakumbuka? Nyumba thelathini na zaidi zisizo na choo hata kimoja. Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nyamisangura, mtu wa swala tano, aliuza bati mpaka akaingiwa na wasiwasi. Mama alipokwenda kuchukua saruji, nilikuwa naye, akatuuliza, "Binti yangu, hiyo nyumba mnayojenga haina dirisha. Nani atakaa humo?"

Nikamjibu mimi, "Mzee, wapangaji wetu hawapendi mwanga."

Alicheka. Lakini akasema, "Mifuko ambayo hamtaifungua, isiingie maji. Mtairudisha." Nilimwona mtu asiyependa biashara yake.

Saruji ile ilinunuliwa na ng'ombe. Mama hakutaka. Alisema yule mtaalamu amesema watapangisha, tungoje. Mimi ndiye niliyemkalia kila siku akipika. "Mama, utapangisha mawe wakati wenzako wanalipwa majumba? Mama, kodi ya mwaka itanisomesha lini?" Nilikuwa na ulimi, na sikuwa na kazi nyingine ya kuufanyisha. Akauza ng'ombe. Pesa ikaishia kwenye kuta, bati hakuna. Tukabandua bati la nyumba tunayolala, upande wa jikoni na chumba cha wadogo zangu, tukaenda kuezeka nyumba ambayo haina mtu. Tukajiezekea nyasi. Nguzo nazo zikapungua. Tukashuka chemchemini, mama, mimi na majirani, tukakata ile miti. Kamba ya kuangushia mti wa kwanza niliishika mimi, na ulipoanguka nilishangilia.

Halafu makaburi. Hayo ni yangu yote, sina wa kumsingizia.

Nilikuwa na mwandiko mzuri na rangi nyeupe iliyobaki shuleni. Nikaanza na ya kwetu, matano: rundo la mawe, msalaba wa mbao, jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa. Majirani wakaona yanavyofanana na kweli, wakaja. Nikaweka bei. Marehemu mtu mzima elfu mbili. Mtoto elfu moja. Aliyepigwa na radi anaongezwa mia tano, maana ana maelezo marefu. Marehemu wangu wote walikuwa na tarehe kamili, siku, mwezi na mwaka. Nilijivunia hilo. Jirani mmoja majina yalimwishia, akaniambia, "Mwandike shangazi yangu wa Sirari, huwa haji." Akaja. Akasimama mbele ya mawe, akasoma, akauliza, "Jamani, na mimi nilikufa lini?" Nikamwambia, "Shangazi, soma pale chini, tarehe ipo."

Mnacheka. Hata mimi nilicheka wiki nzima.

Siku naandika ya kwetu, mama alikuja akasimama nyuma yangu. Akasoma majina yote, moja moja. Mwisho akasema, "Kama unaandika watu, mwandike na baba yako."

Nikamwandika. Mawe yake aliyapanga mama mwenyewe, alinituma maji nikamwacha pale peke yake. Nami nikamwekea tarehe ya kufa ya kubuni, kama wenzake.

Mama wa kofia akarudi na karatasi zake. Alipofika juu akakuta mji. Akaanza kupiga picha. Kila mwenye nyumba akatoka kwenye nyumba asiyolala akapiga mwayo kama aliyeamka humo. Mimi nilipewa kazi ya kumtembeza makaburini, kwa sababu ya ulimi.

Nilimfanyia maigizo bora kuliko yote niliyowahi kufanya. Huyu ni babu, alikuwa fundi wa ngoma. Huyu ni bibi mdogo, alipigwa na radi akichuma mboga, kikapu kikabaki kizima. Hawa ni mapacha. Kwa mapacha nilitoa machozi, halisi, nilijifinya pajani. Yule mama akavua kofia. Kila kaburi anasimama, anainamisha kichwa, anaandika.

Tukafika kwa baba. Nilikuwa na maneno yangu nimeyaandaa. Nikafungua mdomo, hayakuja. Nikasimama tu kama mtu aliyeitwa ubaoni hajui jibu. Yule mama akangoja. Halafu akaenda kwa mama yangu aliyekuwa kasimama kando, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Pole, dada. Hatutawasumbua hapa."

Nilishuka kilima nikiruka. "Mama, amevua kofia! Mama, tumelipwa!"

Mama alisema, "Amesema hatatusumbua." Akarudia mara mbili, taratibu. Mimi ndiye msomi, lakini aliyesikia ni yeye.

Mkutano wa mwisho haukuchukua muda. Alikuja yule yule, kofia mkononi. Akasema wakopeshaji wamesoma taarifa yake. Kuna makazi ya watu, kuna makaburi mengi ya familia, na picha za kutoka angani zinaonyesha miti ya chemchemi imekatwa. Pesa yao hairuhusiwi kugusa sehemu kama hiyo. Kampuni imepata eneo jingine, mkoa mwingine. Na akatushukuru kwa kumkaribisha kwenye makaburi ya wazee wetu.

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa fimbo alisimama, akaketi tena. Ningeweza kuinuka pale pale nikamwambia, "Mama, ni uongo, ni mimi." Sikuinuka. Niliangalia viatu vyangu.

Mniache niseme na hili, hata kama mwenyekiti ananikazia macho. Nina hasira mpaka leo, na si zote najilaumu mimi. Tumedanganywa sana. Tumeahidiwa na kila mwenye gari la vioo vyeusi. Mpaka siku amekuja mtu kwa gari lenye vumbi akatuambia ukweli mtupu, wa kwanza kuusikia pale kilimani tangu nizaliwe, tukamwona ndiye mwongo. Dhahabu haikumchukua baba yangu tu. Ilichukua na masikio yetu.

Mvua zikaanza. Nyasi tulizoezekea zilikuwa za haraka, zikavuja. Wadogo zangu wakawa wanalala na sufuria pembeni, moja ya kichwani moja ya miguuni. Na kule juu bati letu linang'aa, chini yake kumekaa mbuzi wa jirani, wakavu, wananenepa. Chemchemi bila miti ikawa tope, tukawa tunashuka mpaka bondeni na madumu. Majirani nao wakanikumbuka.

"Wewe mtoto, marehemu wako wamefukuza kampuni."

"Rudisha elfu mbili yangu."

"Mimi nilikupa nne, wangu walikuwa wawili!"

Sikuwa nayo. Nilishanunua mkoba na chipsi.

Halafu mama akatoa lile begi la baba uvunguni, akaanza kulijaza nguo zake. Akaniambia kuna wanawake wanakwenda kuponda mawe ya dhahabu, kule kule mbele ya Mugumu, wanalipwa kwa ndoo. Mimi nitaacha shule kwa muda nikae na wadogo. "Kwa muda gani?" nikamuuliza. Akasema, "Mpaka bati lirudi." Bati linarudi vipi bila fundi na misumari, wakati saruji ilishakula ng'ombe? Alikuwa anakunja gauni, analikunja vizuri sana, kama mtu anayekwenda harusini.

Nilicheka kila kitu maishani mwangu, mama zangu. Lile begi likiwa wazi kitandani sikuweza kulicheka. Lilikuwa limerudi mara moja kutoka kule, na lilirudi bila mwenyewe.

Kadi yenye namba ya yule mama wa kofia, aliyoniachia makaburini, ilikuwa kwenye daftari langu la Jiografia. Nikachukua simu ya mama, nikatoka nje, nikapiga. Nikamwambia yote. Nyumba ni za kutegesha. Makaburi ni mawe matupu. Mapacha hawajawahi kuzaliwa. Miti tuliikata kwa mikono yetu. Nikamwomba warudi.

Akasema, "Mwanangu, hawarudi. Pesa ile imeshaelekezwa kwingine. Na hata nikiyafuta makaburi yote kwenye taarifa yangu, miti nitaifutaje? Miti mliikata kweli."

Nikasema sawa.

Akasema, "Ngoja. Na lile kaburi ambalo hukusema kitu?"

Nilikaa chini kwenye tope. Nikamwambia, "Huyo ni baba. Hayumo. Lakini huyo ni kweli."

Akasema, "Nilijua." Akaniuliza, "Mama yako yuko wapi sasa hivi?" Nikamwambia anafunga begi. Akasema, "Mimi niko mbali. Nani yuko karibu?"

Mama zangu, karibu mlikuwa nyie. Nilikimbia mpaka hapa, ilikuwa siku yenu ya kukutana, mnakumbuka nilivyoingia na sketi ya shule imejaa tope kama nguruwe. Niliwaambia kila kitu nikiwa nimesimama pale pale mlangoni walipokaa wababa wale. Nilitegemea mnipige. Wengine mlitaka, niliwaona. Mmoja, simtaji, alishavua kandambili.

Mwenyekiti akasema, "Vaa kiatu chako." Halafu akanigeukia mimi. "Begi la mama yako limefungwa?"

"Bado, alikuwa kwenye zipu."

"Basi twende kabla hajamaliza zipu."

Mlipanda kilima wanawake kumi na saba, mwenyekiti na magoti yake mabovu mbele. Mama alipowaona aliogopa, alidhani mmekuja kuchukua kitanda alichokiweka dhamana hapa kikundini. Mwenyekiti akaketi juu ya begi. Kweli kabisa, mama zangu, aliketi juu yake na uzito wake ule, akasema, "Kule huendi. Ukitaka kwenda, nivute mimi kwanza nitoke." Mama akamwangalia, akaangalia begi lilivyobonyea, akaanza kulia. Sikuwa nimemwona akilia tangu arudi nalo.

Adhabu yangu mlinipa siku ile ile. Kwamba nipite kaburi hadi kaburi, niliyoandika kwa mkono wangu niyafute kwa mkono wangu, mbele ya waliolipa. Ilinichukua siku tatu. Kila nikivunja msalaba mwenye nyumba anasimama na mikono kiunoni ananisindikiza kwa matusi. Shangazi wa Sirari alisafiri makusudi kuja kuangalia anavyofufuka. Alinipa soda.

Nikamaliza kwetu. Matano niliyatawanya. Nikafika kwa baba na jembe, nikalinyanyua.

Mama alikuwa anapanda na dumu. Akalitua chini. "Hilo usiguse."

"Mama, wamesema yote. Hili nalo ni mawe tu."

"Si mawe tu," akasema. "Siku ile nilikutuma maji. Chini kuna shati lake. Lile la mistari, lililorudi kwenye begi."

Jembe nikalishusha taratibu, nikalilaza pembeni. Nilidhani mimi ndiye niliyeandika makaburi yote ya kile kilima. Kumbe moja mama yangu alizika kweli, katikati ya utani wangu, na mimi nikampigia rangi na tarehe ya uongo juu yake.

Ndipo nilipoacha kuwa mjanja. Si kwamba nimeacha utani, mnaniona. Ila ujanja niliuacha pale na jembe.

Mengine mnayajua maana mliyafanya nyie. Mlipanda siku mbili mkabandua bati, mkalirudisha juu ya vichwa vya wadogo zangu. Wale mbuzi walitoka wakilalamika. Matofali mkayashusha yakajengea ukuta wa chemchemi. Mzee wa Nyamisangura alipokea mifuko sita ya saruji ambayo hatukuifungua, akarudisha pesa yote, na hakuniuliza habari za wapangaji wasiopenda mwanga. Kikundi kikamkopesha mama kwa ile riba ndogo, masharti yake miche ya miti, si vitenge. Ameotesha kitalu pale chini. Wanaonunua ni wale wale tuliokata nao. Wananunua wakiwa wameangalia pembeni.

Begi la baba nalo limekuwa la daftari zangu. Ule mkoba wa pesa za marehemu ulichanika zipu.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekaa sawa. Ng'ombe hayupo. Maji yanatoka kama machozi ya mtu mwenye kiburi, na miti ile mikubwa sitaiona tena mpaka niwe bibi. Nasikia huko walikokwenda jumba limeanza kusimama, na wenye mawe wa huko wamepokea kodi ya kwanza. Pale juu zimebaki kuta za wenzetu hazina paa, na vijana wa kilimani wamerudi kwenye maduara. Nikiwaona wanashuka asubuhi na tochi zao za kichwani natamani kuwapigia kelele. Mdomo wote huu nilionao, na sijui niwaambie nini.

Lakini nyie nawaambia, mama zangu. Akija mtu na maneno mazuri, msimcheke na msimpigie makofi. Muulizeni, kama mnavyomhoji hapa anayeomba mkopo, mpaka jasho limtoke. Pesa ni ya nani, masharti ni yapi, tukifanya hivi itakuwaje. Siku ile mkutano mzima hakuna aliyeuliza hata swali moja la kutaka kujua. Tuliuliza ya kumkomoa tu. Na mimi nilikuwa na majibu kichwani nikayafunika ili nifanane na wenzangu.

Nawashukuru. Kumi na saba nyie, na magoti mabovu ya mwenyekiti. Namshukuru mzee wa bati. Namshukuru na yule mama wa kofia, ambaye hakurudi, lakini aliuliza nani yuko karibu. Na mama, acha kenchi sasa, niangalie. Asante. Samahani.

Kaburi la baba lipo. Wiki iliyopita niliuondoa ule ubao wa uongo nikaandika mwingine. Nimeandika jina lake lote, polepole. Pale kwenye tarehe ya kufa nilisimama na brashi mpaka rangi ikakauka. Hatujui ni siku gani ilikuwa kwake kule chini. Tunajua tu siku ambayo watu wa juu waliacha kuchimba. Kwa hiyo pale nimepaacha wazi.